Brightson Mwacheni Apumzike

Goba, Dar es Salaam
4 Februari 2024

Kwa shangazi yangu Atuganile,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mdogo wangu Gladness, na kondakta asiisahau kwenye buti kama alivyoisahau ile ya Krismasi. Wiki iliyopita nilikupigia simu, Gladness akakushikia sikioni, na kwa kila nilichosema ukanijibu "na wewe pia, mwanangu". Nikaona nirudi kwenye kalamu. Tangu kwinini ikuharibu masikio, wewe ndiye mtu pekee duniani ninayemwandikia barua. Wanafunzi wangu wakiniona nimeinama hivi wanadhani nasahihisha madaftari yao, wanatulia kidogo.

Sisi wazima. Mvua za mwaka huu zimetutesa, gari la maji linashindwa kupanda kilima chetu, kwa hiyo tunakinga ya paa na kumshukuru Mungu kwa bati. Mume wangu Elinaza anakusalimu. Ndizi zilifika, na tumezila mpaka majirani wakaanza kutuuliza kama tumefungua genge.

Sasa nikueleze kilichonikalisha hapa. Brightson yuko kwangu. Mwenye nyumba wake kule Mabibo alinipigia akasema njoo umwone mdogo wako. Nilimkuta amelala mchana, dirisha limefungwa, chumba kinanuka. Kule kwenye ofisi ya mizigo alikokuwa karani walishamwondoa, na hakuniambia. Shangazi, huyu ni Brightson, aliyekuwa akipiga pasi mpaka soksi. Nilimuuliza anaumwa nini. Akasema, "Siumwi, dada. Nimeisha tu."

Tumemleta nyumbani, analala sebuleni uso umeelekea ukutani. Chakula anakigusa kunifurahisha mimi. Mchungaji amekuja kumwombea mara kadhaa. Elinaza anasema kaachwa na msichana, atasahau. Mie naogopa. Nafikiria kumpeleka hospitali, ila sijui ni daktari gani anayetibu mtu aliyesema ameisha.

Niandikie haraka.

Mwanao, Sekela

*

Tukuyu
25 Februari 2024

Kwa binti wa kaka yangu,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika, imelowa pembeni lakini inasomeka. Huku baridi imeanza mapema na maharage yamechanua vizuri. Kanisani wamenichagua tena kuwa mweka hazina wa akina mama, nimewaambia nimezeeka, hawakusikia, na mimi sikusikia walivyonijibu, kwa hiyo nimebaki na kazi.

Habari kubwa ya hapa ni ya Gladness. Yule kijana Gibson, fundi umeme, ametuma mshenga. Watu wao ni wa hapa mjini, wana shamba la chai, wana heshima zao. Mama yake amenikaribisha chai mara mbili. Mdogo wako anatembea huku anaimba, hata chumvi anasahau kuweka kwenye mboga. Unajua desturi yetu, Sekela. Kabla ya kusema ndiyo, wataulizia. Wataulizia kama ukoo una kifafa, kama una ukoma, kama una watu wa kuvua nguo barabarani. Nasi tungefanya vivyo hivyo kwao.

Kuhusu Brightson, hilo ni jiji na upweke. Mpe kazi za mikono, akutengenezee banda la kuku, akisikia njaa ya kweli ataamka. Usimpeleke kwa daktari wa wazimu. Habari ya namna hiyo ikipanda basi asubuhi hapo Mbezi, inashuka Tukuyu kabla ya abiria. Mwombee, mfiche, na mlishe.

Nimetuma parachichi.

Shangazi yako, Atuganile

*

Goba
17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa parachichi. Hongera kwa Gladness. Mwambie nimefurahi mpaka nimecheza peke yangu jikoni, na kwamba chumvi aweke, Gibson bado hajaoa.

Sitakudanganya, sikukutii. Banda la kuku lilijaribiwa. Brightson alishika nyundo, akaitazama, akaketi chini akalia. Mwanamume mzima, Shangazi, analia juu ya msumari. Siku hiyo nikaanza kutafuta.

Nilitafuta kama mwizi. Kila nilipouliza nilisema ni jirani yangu. Kwenye zahanati yetu walimpima malaria, wakakuta hana, wakampa dawa za minyoo. Mtu mmoja akanielekeza kwa mshauri mwenye ofisi juu ya duka pale Mwenge. Kijana mtanashati, ukuta mzima umejaa vyeti. Akamwambia Brightson ajisemee mbele ya kioo kila asubuhi kwamba yeye ni mshindi. Brightson alirudi akaniambia, "Dada, hata kioo hakikuamini."

Aliyenisaidia ni Hamdiya, mwalimu mwenzangu, tunakaa meza moja tangu zamani. Nilipomletea ile hadithi ya jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo jirani mlete Kinondoni kwa Daktari Ibtisam. Mama yangu mie anakwenda kwake mwaka wa tano." Nimekula kwa mama yake Hamdiya sikukuu zote, na sikuwahi kujua. Ni mama anayecheka, anayepika biriani ya watu hamsini. Nilikuwa nikidhani watu wanaokwenda kwa daktari wa akili hurudishwa wamefungwa kamba.

Nikueleze anachofanya huyo daktari, kwa sababu hata mimi sikujua. Kwanza, hana vyumba vya kufungia watu. Ana meza, viti vitatu, na mashine ya kupimia presha kama daktari yeyote. Alisomea udaktari wa kawaida, akaongeza miaka ya kusomea akili peke yake. Kwa hiyo anaweza kukaa akasikiliza kama mshauri, lakini pia anaweza kupima damu na kuandika dawa, jambo ambalo yule wa Mwenge haruhusiwi hata angekuwa na vyeti vya kufunika paa. Alimuuliza Brightson kuhusu usingizi, chakula, kazi, pombe. Alimtuma maabara kutazama kama ni tezi au upungufu wa damu, maana alisema yapo magonjwa ya mwili yanayojifanya ya akili. Kisha akamuuliza wazi, bila kuzunguka, kama huwa anafikiria kufa. Mimi nilitaka kumziba mdomo. Brightson akajibu ndiyo, na akakaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Anasema inaelekea ni sonona, ni ugonjwa, na unatibika. Lakini kabla ya kuandika dawa aliuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu. Je, katika ukoo yupo aliyewahi kuugua hivi, au kinyume chake, aliyewahi kupata siku za kuchangamka kupita kiasi, halali, anaongea bila kupumua, anagawa vitu vyake? Anasema dawa huchaguliwa kutokana na jibu hilo. Dawa inayomfaa mmoja inaweza kumrusha mwingine.

Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la nne na nilikuwa nimepelekwa kwa mama mdogo. Mama naye hakupenda kulizungumza mpaka akafa. Wewe ndiye uliyekuwapo. Baba alikufa na nini, Shangazi? Aliwahi kuwa hivi? Nijibu hili tu, hata kama huna muda wa mengine.

Sekela

*

Tukuyu
9 Aprili 2024

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa ajili ya Pasaka na wageni. Nyumba imepakwa chokaa upya. Jogoo wako amekufa, tumemla kwa heshima.

Mambo ya Gladness yanakwenda. Watu wa Gibson walituma akina mama wawili, wakajifanya wamekuja kununua mbegu za viazi. Wakakaa kwa jirani yangu kutwa nzima wakiuliza. Walinikuta nafua, wakanitazama mikono na macho, wakamtazama Gladness anavyotembea. Mshenga amesema hawajapata kasoro. Wamekwenda hata shuleni anakofundisha wale watoto wadogo. Bahati nzuri sisi hapa mjini tulihamia, kule Kandete tulikotoka ni mbali na njia ni mbovu. Mahari imezungumzwa. Ndoa ni tarehe 29 Juni, Mungu akipenda. Nimemshonea gauni la kuagwa, la rangi ya maziwa, amelia alipolivaa.

Mchele umepanda bei kweli huku, sijui kwenu.

Baba yenu alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani. Ukoo wetu ni safi. Mwambie hivyo daktari wako, na barua hizi ukizisoma zichome.

Atuganile

*

Goba
5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na jogoo, na asante kwa kunijibu. Nilimpelekea Daktari Ibtisam jibu lako kama lilivyo, malaria, ukoo safi. Akaandika. Akaniuliza, "Una hakika, mwalimu?" Nikasema aliyeniambia ni shangazi yangu aliyetulea, hajawahi kunidanganya. Akaniambia sawa, akampa Brightson vidonge.

Vinaitwa vya kuinua moyo. Haviinui siku hiyohiyo, usidhani. Siku za mwanzo vilimpa kichefuchefu na mdomo mkavu, Elinaza akasema tumekwenda kununua ugonjwa wa pili. Daktari alitutahadharisha kwamba vitachukua wiki kadhaa na tusikate tamaa. Alitupa na maagizo mengine, ya kawaida ya madaktari.

Na sasa, Shangazi, ameanza kula. Juzi aliomba chai. Aliiomba mwenyewe. Jana amekaa nje kwenye kibaraza akatazama magari yanavyoshindwa kupanda kilima, akacheka lilipokwama la mheshimiwa mmoja wa mtaani. Nilikuwa ndani nikaisikia ile sauti ya kicheko, nikaketi kitandani nikaisikiliza kwa furaha mpaka ikaisha.

Nitakuja harusini na kitenge kipya. Mwambie Gladness.

Sekela

*

Goba
2 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako, naamini ni shughuli za harusi. Nakuandikia nikiwa na raha ambayo sikuwa nayo tangu mwaka uanze.

Brightson amepona. Si kwamba ana nafuu, amepona kabisa, tena amezidi alivyokuwa. Anaamka kabla yetu sote. Akiamka amefagia, amepaka geti rangi ya kijani, ameanza na ukuta wa jirani. Anaimba kwaya mbili. Jumapili alisimama kutoa ushuhuda, mchungaji akampa dakika tano, akachukua ibada nzima, na watu wakalia. Ana mpango wa kununua parachichi zenu huko na kuzipeleka Oman, amechora ramani kwenye kuta za sebule, na ukimsikiliza unaona inawezekana. Ameshona suti nyeupe ya harusi. Simu yake amempa kijana aliyemkuta sokoni Mabibo, anasema yule anaihitaji zaidi. Elinaza aliguna hapo kidogo, mimi nikamwambia mwache mtu afurahi, amekaa kaburini miezi.

Halali sana, ila anasema usingizi wake alishaulala wote.

Mwezi huu hatujakwenda kwa daktari. Tutamwambia nini? Kanisa lilitoa sadaka ya shukrani, na ningeona haya kumrudisha mtu mzima hospitali baada ya hapo.

Anakusalimu sana. Anasema siku ya harusi atahubiri yeye.

Sekela

*

Tukuyu
14 Juni 2024

Sekela,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Nimeisoma tena na tena.

Harusi ni Jumamosi tarehe 29. Njooni wewe na Elinaza, mje Alhamisi. Brightson mwacheni apumzike. Safari ni ndefu na kelele ni nyingi. Msije naye.

Atuganile

*

Tukuyu
28 Julai 2024

Kwa Sekela,

Tangu mrudi Dar sijapata neno lako, nami sikuwa na nguvu za kushika kalamu. Mboga zimeota juu ya kaburi, nimeziacha. Maharage nimevuna nusu.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna mtu hapa anayekubali kuniambia. Siku ya maziko nilikaa mbele, mahali pa mama. Ulisimama kusoma wasifu wa marehemu. Wazee walikuwa wameuandika na mimi niliuona, umeandikwa kwamba amefariki kwa ajali ya gari huko Mwenge, basi. Ulipofika mwisho nikaona umekunja ile karatasi yao na midomo yako inaendelea. Kisha nikaona watu wanageuka. Hawakulitazama jeneza, walinitazama mimi. Ulisoma nini? Nilimuuliza Gladness, akaniandikia kiganjani "baadaye", na mpaka leo haijafika hiyo baadaye.

Mama yake Gibson hanijibu salamu. Hamruhusu Gladness kuja kwangu peke yake. Wiki iliyopita alinitumia mshenga, yule yule, akanieleza kwa kuandika kwamba wao waliuliza vizuri na hawakujibiwa vizuri. Kumbe wanajua habari za baba yenu. Nani aliwaambia? Waliojua yote ni bibi yenu, mama yenu, mchungaji wa Kandete na mimi. Hao watatu wako ardhini. Mimi sikumwambia mtu, hata kwenye maombi nililitaja kwa mbali. Kama ni wewe uliyelitoa mbele ya watu siku ile, umemmaliza mdogo wako ukiwa umesimama juu ya kaburi la kaka yake.

Nijibu.

Atuganile

*

Goba
18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naimaliza.

Nilichosoma ni hiki, nakinukuu kama nilivyokisema: "Marehemu aliugua tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa na ugonjwa wa akili. Alikuwa na daktari, alikuwa na dawa, na alikuwa anaweza kupona." Basi. Baba sikumtaja. Wazee walitaka aitwe mtu aliyegongwa tu, kama vile alikuwa anavuka akienda dukani. Wewe hukumwona, mimi nimeelezwa na Mwinshehe, jirani yetu niliyemwachia amwangalie. Brightson alivaa ile suti nyeupe aliyoshona, akasema kama hawamtaki harusini basi ataifanya harusi mwenyewe. Akashuka mpaka njia panda ya Mwenge, akasimama katikati akaongoza magari. Watu walimshangilia, wengine walimpiga picha. Askari alimtoa, Brightson akaondoka naye vizuri, kisha akarudi barabarani. Lori halikuweza kusimama. Mwinshehe alinipigia nikiwa nimeshika keki ya Gladness.

Watu waligeuka kukutazama kwa sababu walikuwa wameshakusikia tangu jana yake.

Shangazi, aliyesema ni wewe. Mwili ulipofika na jeneza likawekwa sebuleni, ulililalia ukalia kama wanavyolia mama zetu, ukiongea na marehemu. Hujisikii, Shangazi. Ulidhani unanong'ona. Sauti yako ilifika barabarani. Ulimwita Brightson kwa jina la baba. Ulimwambia, umeondoka kama baba yako, naye alianza hivihivi, kwa kulala, halafu kwa kufurahi. Ukasema, nilipoisoma barua ya dada yako nilijua, nilijua nikaandika apumzike. Ulilirudia hilo mpaka sauti ikakauka. Aliyekushika mkono wakati wote ni mama yake Gibson. Gladness alikuwa amesimama mlangoni na hina ya harusi bado iko mikononi.

Hakuna anayekuambia kwa sababu wote wanadhani unajua ulichosema.

Nilikuchukia. Nakuandikia wazi kwa sababu sina mahali pengine pa kuliweka. Nilikuchukia kwenye basi, nyumbani, na darasani mbele ya watoto. Ulikuwa na jibu mwezi wa nne ukaniandikia habari za chokaa.

Lakini sikukuandikia yote na mimi. Yale niliyoyaita maagizo ya kawaida ya madaktari hayakuwa ya kawaida. Daktari Ibtisam alinishika mkono akaniambia: "Akianza kulala kidogo na kuchangamka kupita kiasi, kugawa vitu, kuwa na mipango mikubwamikubwa, mlete siku hiyohiyo, usingoje miadi." Aliyasema moja moja, ukiyasoma na ile barua yangu ya mwezi wa sita utadhani nilikuwa naijaza orodha yake. Nilikuwa nimechoka kuwa na mgonjwa, Shangazi. Nilimwona anacheka nikataka kiwe kicheko. Nilipokwenda kumwambia daktari amekufa aliniuliza tena lile swali la ukoo, na safari hii nikawa na jibu.

Siku hizi nakwenda kwake kwa ajili yangu mwenyewe. Silali. Ananisikiliza, ameniandikia dawa kidogo ya muda, na mara nyingine tunakaa tu. Nimeacha kusema ni jirani.

Sasa nakuomba kitu, na safari hii usiniandikie bei ya mchele. Gladness ana mimba. Gibson ni kijana mwema, hajamfukuza, lakini Gladness ameniambia kwenye simu kwamba akicheka sana Gibson anaacha kula na kumtazama. Daktari anasema haimaanishi mtoto wala Gladness ataugua. Wengi hawaugui. Ila anayejua cha ukoo wake hutibiwa mapema, na baada ya kujifungua Gladness atahitaji kuangaliwa. Anataka kujua kuhusu baba: ilimwanza akiwa na umri gani, alitibiwa wapi, na kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumsaidia. Hilo la mwisho amelisisitiza. Anasema dawa iliyomfaa mzazi mara nyingi humfaa na mtoto.

Sekela

*

Tukuyu
6 Oktoba 2024

Mwanangu Sekela,

Barua yako ilifika mwezi wa nane. Niliiweka. Nilikwenda kwa mama yake Gibson nikapiga magoti uani kwake, mbele ya watu wanaochuma chai. Hakuninyanyua, ila alileta kiti. Nilikaa nikamweleza yote, nikijitahidi kusema polepole kwa kuwa sasa najua sauti yangu ikoje. Gladness alikuwapo. Tumbo linaonekana.

Haya ndiyo niliyowaambia, na daktari wako mpelekee.

Kaka yangu alianza kuugua akiwa na umri kama wa Brightson, wewe ukiwa mgongoni. Alilala msimu mzima wa kahawa. Akaamka akawa kama ulivyoniandikia mwezi wa sita, ni kama uliiona kwa macho yangu. Aligawa ng'ombe wa baba yetu kwa wapita njia. Alitaka kujenga kanisa juu ya mlima. Tukamfunga, Mungu atusamehe, kisha mchungaji akatuambia tumpeleke Dodoma, hospitali ya Mirembe. Tulitangaza amepata kazi huko.

Alirudi baada ya miezi ametulia. Walimpa vidonge vyeupe vya kumeza kila siku, na kila baada ya muda ilibidi aende Mbeya kupimwa damu ili waone dawa isizidi. Jina lake ni lithiamu, nililisoma kwenye chupa. Alivimeza miaka saba. Miaka hiyo alilima, alimzaa Gladness, alimfundisha Brightson kutembea, alikuwa akicheka kawaida na kukasirika kawaida. Unamkumbuka vile, sivyo? Anakubeba kwenda kisimani. Yule ndiye alikuwa baba yako kweli, na alikuwa vile kwa sababu ya vidonge.

Kisha mume wangu akaleta posa. Nilikuwa nimevuka umri, na bibi yenu alishakata tamaa kwamba nitaolewa. Watu wa kuulizia walipotangaza wanakuja, bibi yenu alichukua ile chupa akaitupa chooni, wasije wakaikuta. Kaka yangu alikubali. Alisema, "Dada aolewe kwanza, nitakwenda kuchukua nyingine." Walikuja, wakatazama, wakaridhika. Hakuwahi kwenda kuchukua nyingine. Tuliona amechangamka, na kwa kuwa ilikuwa harusi hatukushangaa. Aliipanda milima wakati wa baridi kuu bila shati, akiimba, wachunga ng'ombe wakamkuta amekufa. Tulisema ni malaria.

Mimi niliolewa. Nilikaa na mume mwema miaka kumi na sita, hakunipiga, hakuniuliza mbona sizai. Nilikula vizuri.

Uliuliza kama kuna dawa iliyowahi kumsaidia. Ipo. Ilimfaa, Sekela. Mwambie daktari ilimfaa kabisa.

Shangazi yako,
Atuganile